Senge Rasoa wa Pwani

Sisi tuliokulia Lumakanda enzi zile, bahari tuliijua kwa picha za kalenda ukutani. Mimi na dada yangu Nekesa tulibahatika. Senge yetu Rasoa, dadake Baba, alikuwa ameolewa katika kijiji kidogo cha pwani, na mahindi yakishavunwa tulipelekwa kwake likizo.

Kijiji kilikuwa kimya ajabu. Nyumba za makuti, minazi, na mchanga mweupe usio na nyayo ila zetu. Asubuhi tulikula mahamri kwa mbaazi za nazi, kisha tukashinda tukifukuza kaa maji yakipwa. Watoto wa pale walicheka Kiswahili chetu, maana "gari" sisi tulisema "kari". Senge aliwakanya, wakatuzoea. Wanangu leo ukiwatajia safari, wanauliza kwanza kama kuna netwaki.

Nekesa tulimzika mwaka jana. Mwaka huu nikarudi huko peke yangu.

Kijiji bado ni kimya. Saumu, binti wa senge, alinipokea kwa upole, akanieleza kwamba mamake amesahau Kiswahili. Uzee umemrudisha kwenye Kiluhya cha utotoni, na pale hakuna anayekielewa, hata Saumu mwenyewe. Wakimsemesha, anawatazama tu.

Nilimkuta kibarazani, ameelekea baharini.

"Mulembe, senge," nikamsalimu.

Akageuka polepole. Akaitikia, akanishika mkono, akaanza kusema kama bomba lililozibuliwa. Aliuliza habari za ng'ombe, za mvua, za mamake, nyanya yangu, ambaye alizikwa kabla sijazaliwa. Nikamjibu kwamba wote wako salama. Akacheka. Saumu, aliyekuwa mlangoni, akajifuta macho kwa leso.

Akaniomba nimuulize mamake kama kuna mahali panapomuuma. Nikauliza, kisha nikamtafsiria jibu.

"Anasema haumwi. Anasema watu wa hapa ni wema sana, ila hawaongei naye."

Saumu alikuja akaketi karibu na mamake, akaniomba nimfundishe maneno machache: maji, njaa, baridi, mama. Aliyarudia hadi jua likapungua ukali. Mengine aliyakosea, na senge akamsahihisha.

Enzi zetu, kuaga hakukuwa kazi. Tulimpungia senge mkono tukiwa tayari tumeanza kukimbia, maana tulijua tutarudi. Safari hii alinishika mkono akakataa kuuachilia, na ilibidi Saumu amfungue vidole kimojakimoja, akimwita mama kwa Kiluhya.