Kibuyu cha Kwanza kwa Rimoti

Dada yangu Dativa hajui kuomba radhi, na mimi sijui kunyamaza, kwa hiyo mniache niseme ilivyokuwa.

Pale Kamachumu senta kila mtu anamjua. Simu ikiingia maji, redio ikikata sauti, taa ya sola ikigoma, nenda kibanda cha bluu jirani na mashine ya kukoboa kahawa. Ana miaka arobaini na sita na mkono wake hautetemeki. Ukimpelekea redio atakwambia, "Njoo saa nane itakuwa inaimba," na saa nane inaimba kweli.

Hiyo ndiyo kazi. Ugonjwa wake ni mwingine: anatengeneza boti. Si za kuvulia samaki! Boti za urefu wa mkono wangu, za mbao za msonobari, zenye mota iliyong'olewa kwenye deki mbovu, betri za laptop iliyokufa, na propela aliyoikata kwenye kopo la maziwa. Anaziendesha kwa rimoti ya gari la kuchezea. Na wala hayuko peke yake. Bukoba mjini wako wenzake kama saba, wanakutana ufukweni Jumapili baada ya misa. Mkubwa wao ni Lwakatare, fundi umeme, ambaye sebuleni kwake treni inazunguka mpaka mkewe anairuka akileta chai. Watu wazima, jamani! Nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Shida ilikuwa maji. Kamachumu tuko juu, ziwa tunalitazama kwa mbali tu. Boti utaijaribia wapi? Kwenye beseni inagonga ukingo kabla haijaanza safari. Dada akautupia jicho mtumbwi wa rubisi wa baba.

Mtumbwi huo hauendi ziwani. Ni gogo lililochongwa, refu kuliko mtu aliyelala, jembamba. Ndani yake wanaume tunakanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji yake, tunachanganya na mtama, tunafunika, na kesho yake ni rubisi, pombe yetu ya ndizi. Aliuchonga babu. Na kwetu kibuyu cha kwanza anapelekewa mwenye mji, yaani mkuu wa nyumba; kabla yake hakuna anayelamba hata tone. Dativa akawa anaujaza maji baba akienda shamba, boti inakwenda na kurudi, kisha anausugua na kuondoka kama hakuna kilichotokea.

Siku moja hakusugua vizuri. Tulikuwa na sherehe ya komunio ya mjukuu wa baba, na mimi ndiye niliyekanyaga ndizi. Harufu ya grisi ya boti niliisikia. Niliisikia kabisa, nikajiambia itaisha. Haikuisha. Baba alipoonja kibuyu cha kwanza mbele ya wageni wote aliitema chini. Wageni wakanywa soda. Kwa mzee kama baba yetu Karugendo, ambaye rubisi yake ilikuwa inasifiwa mpaka Muleba, afadhali ungemchapa kofi.

Kesho yake akamwita dada, na mimi nikajipenyeza mlangoni.

"Kumbe umegeuza mtumbwi wa baba yangu kuwa gereji," akasema.

"Nilikuwa najaribu boti, tata," dada akamjibu baba.

"Boti! Boti ni ile niliyopakia ndizi miaka ishirini nikiwapelekea wavuvi kisiwani Bumbire. Injini nyuma, mawimbi mbele. Hicho chako ni kidoli."

Hapo mtu mwenye akili angepiga magoti. Dada yangu? Aliinua kidevu. "Kidoli hiki kinaweza kukuletea kibuyu cha kwanza ziwani, na kisimwagike."

Mae! Nilitamani nimzibe mdomo.

Baba akagonga fimbo chini. "Haya. Nitakanyagisha rubisi nyingine. Jumapili twende wote Bukoba. Kibuyu kizunguke dumu litakaloelea mbele ya ufukwe, kinifikie mkononi. Kikifika, mtumbwi utautumia, ukiusafisha. Kisipofika, sitaki kuona waya kwenye mji huu mpaka nife. Na hao wa Bukoba uagane nao siku hiyo hiyo."

"Kitafika," akasema Dativa.

Jumapili ufukwe ulijaa. Lwakatare aliogelea mwenyewe kwenda kutia nanga dumu la njano, akarudi anatetemeka na kucheka. Baba akaketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. Dada akafunga kibuyu kidogo kwenye sitaha, akaiweka boti majini, ikaondoka. Nawaambia ukweli, ilikuwa nzuri. Ilipasua viwimbi imenyooka, kibuyu hakitikisiki, na mimi mcheka watu nikajikuta napiga makofi.

Ikafika kwenye dumu. Dada akasukuma kijiti cha rimoti kushoto, na boti ikaenda kulia.

Akakisukuma kushoto tena, kwa nguvu zaidi. Boti ikazidi kulia, ikaelekea ziwa lenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa, na yeye alielewa kabla yangu: boti hii haikuwahi kufika ziwani, nyaya za kamota ka usukani alizipachika kinyume, na hakuwahi kujua, kwa sababu ndani ya mtumbwi wa rubisi hakuna pa kukata kona. Siku zote aliifundisha boti kwenda mbele na kurudi nyuma tu. Fundi asiyekosea akaanza kubahatisha. Kulia, kushoto, kulia. Boti ikayumba, kibuyu kikalala upande.

"Ikipita pale rimoti haifiki," Lwakatare akanong'ona. "Imekwisha."

Mzee akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Dativa! Shika kama mkono wa injini! Usukume kulia, iende kushoto! Huo ndio usukani wa boti, wewe mtoto, kwani nilikuwa naendeshaje kwenda Bumbire? Sukuma!"

Dada akasukuma kulia. Boti ikakata kushoto.

"Sasa legeza. Wimbi hilo, lipe pua. Ee! Usiliogope, lipe pua!"

Ikazunguka dumu. Yeye anaita, dada anasukuma, na wote wawili wamesahau kwamba mmoja alikuwa anaomba ishindwe. Ilipogusa mchanga baba aliingia majini na viatu vyake vya misa, akafungua kibuyu, akanywa. Tukasubiri.

"Haina grisi," akasema.

Ufukwe mzima ulipiga kelele. Dativa hakupiga kelele. Alipiga magoti palepale kwenye maji, gauni likalowa, akasema kwa heshima mbele ya watu wote, "Tata, waitu, nilikuaibisha siku ya komunio. Nisamehe." Maisha yangu yote sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nikasema na mimi kwamba harufu niliisikia nikanyamaza. Hakuna aliyenijali.

Baba akamwinua kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umeshika rimoti.

"Nyumbani nitabadilisha zile nyaya, tata," dada akasema.

"Ziache hivyo hivyo," akasema mzee. "Jumapili ijayo naendesha mimi."