Pua ya Mtu wa Kodi

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijajua hata choo kiko upande gani, mlinzi wa jengo alinivuta kando akaninong'oneza kwamba mtu wa kodi hupita ngazini kila mwezi akinusa. Mlango ukinukia pilau mara mbili mfululizo, anaandika: mpangaji ametajirika, atoke. Kweli Ijumaa ya wiki ile nilimwona kwa macho yangu, koti la buluu, kidude mkononi, pua juu. Niliamini. Nyumbani, mtaa wa Newtown, ambako nyumba yetu haikuhusika kabisa, nilimkataza mke wangu pilau mwaka mzima, nikakonda hadi koti langu likawa ndilo linalonivaa.

Nilikuwa afisa makazi msaidizi katika chama kidogo cha makazi chenye nyumba kumi na mbili za bei nafuu huko Erdington, mtaa mwingine wa mji ule ule wa ughaibuni, nyuma ya barabara ya maduka. Bei nafuu maana yake mpangaji hulipa chini ya bei ya soko. Cheti changu nilikipata shule ya jioni. Nilikuwa wa kwanza kati ya wanafunzi mia; mke wangu anasema tulikuwa tisa.

Msimamizi wangu wa kwanza alinipa mkataba wa fedha za ujenzi niutie Kiswahili kwa ajili ya wapangaji wanaosema Kiswahili. Niliandika: “Nafuu ya kodi itafutwa iwapo mapato yatazidi kiwango.” Kwetu Tanga, unachoilipa serikali ni kodi na unachomlipa mwenye nyumba ni kodi. Sikuuliza ni ipi. Nilibandika karatasi ngazini, ikakaa miaka saba, na kila aliyeisoma akaingiwa na hofu, mimi nikiwa wa kwanza.

Kisha Ijumaa moja akaja Mama Neema wa mlango wa tatu, Mkongomani, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Longbridge. Alishika barua. Walitaka kumfanya msimamizi wa zamu, na jibu lilitakiwa kabla ya saa sita mchana.

“Papa Saidi, bananipa ukubwa. Lakini mshahara ukipanda batatutosha mu nyumba, tubakie inje. Nitakataa.”

“Ngoja kwanza, Mama Neema.”

“Ningoje nini? Batoto bamebadilisha shule mara ine. Na karatasi ni wewe uliandika.”

Nikimwambia akubali, nikakosea, watoto wako barabarani. Nikimwambia akatae, nikakosea, nimemnyang'anya cheo kwa kalamu yangu. Dawa ilikuwa ghorofa ya juu, kwa Meneja wa Makazi, mwanamke wa hapa hapa mjini, mla mkate wa kuchoma, mwenye maneno machache. Miaka saba sikumuuliza, kwa kuogopa kuonekana msomi asiyejua.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kazi hii huniuliza nini kilikuwa kigumu. Si ngazi wala baridi. Ni kupanda ghorofa ile moja, Mama Neema nyuma yangu akihema, saa sita kasorobo.

Nilimwekea Meneja mezani ile karatasi niliyoibandua ngazini, nikamweleza nilichoandika, nikauliza: “Ni kodi ipi hii?”

“Ya serikali,” alisema. “Waliotoa fedha za kujenga walipunguziwa kodi yao; ndiyo nafuu inayofutwa tukimwingiza mpangaji mwenye mapato makubwa. Mapato ya mpangaji tunayakagua siku anayoingia, basi. Akipandishwa cheo baadaye, tunampa hongera.”

Nilimtafsiria Mama Neema neno kwa neno. Alichukua kalamu ya Meneja bila kuomba, akaandika jibu lake pale pale juu ya meza, kando ya mkate.

“Na yule anayenusa ngazini?” nikauliza.

Meneja aliacha kutafuna.

“Yule ni fundi wa gesi, Saidi. Anaangalia kama inavuja.”