Asubuhi Nilipoitika Keji

Harufu ya chaki iliyolowa ndiyo hunirudisha kule. Hata leo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikiinusa hugeuka kutazama dirishani, na sipendi ninachotarajia kukiona.

Tulikuwa tumerudi Juba kutoka Arua baada ya amani kutiwa saini, na shule zote zilifurika. Darasa letu katika mtaa wa Kator lilikuwa na waliokulia Khartoum na Kiarabu chao, wa Kakuma na Kiswahili chao cha Kenya, na sisi wa Uganda tulioharibu lugha zote bila kubagua. Sikuwa na barua ya uhamisho, na daftari la mahudhurio lilikuwa limejaa. Mwalimu mkuu akapitisha kidole kwenye orodha mpaka kwa msichana aliyeacha kuja tangu wiki ya pili.

"Hii jina iko na nafasi," akamwambia mama yangu. "Mtoto aitike tu."

Basi mimi Asunta nikawa Keji kila asubuhi, tena kwa maringo, maana wenzangu wa mtaani walikuwa bado wanazurura.

Muhula wa pili akaja mwanamke aliyerudi na boti la mizigo kutoka Kaskazini. Wakati wa vita alimwacha binti yake kwa bibi, na bibi alikuwa amekufa. Alikuwa amezunguka shule za serikali moja moja, kutoka mtaa wa Sherikat hadi wa Jebel, za asubuhi na za alasiri, zenye paa na zisizo na paa, akiomba asomewe madaftari. Kwetu alisikia jina likiitwa, na likaitikiwa.

Akaniinua kidevu, akanitazama muda mrefu.

"Ita Keji?" akauliza taratibu kwa Kiarabu cha Juba, kama mimi ndiye Keji kweli.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Niliona nafasi yangu ikiniponyoka. Nikasema ndiyo.

Hakubisha. Lakini kesho yake, wakati wa kuita majina, alikuwa dirishani, na keshokutwa pia. Niliogopa vibaya, niliamini amekuja kunichukua. Nikaanza kuitika kwa kunong'ona, asinisikie. Kufika Ijumaa hakuja tena.

Nilipopata binti yangu mwenyewe ndipo nilipoelewa. Mama yule alijua siku ile ile kwamba si mimi. Alikuwa akija kusikia jina la mwanawe likiitwa, na mtoto fulani akiitika. Nami nikamnyima hata hilo.