Vidonge vya Rangi Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, mama mdogo alilowesha midomo kwa maji, akafunga chupa na kuisukuma nyuma ya majora ya vitambaa. Hanywi tena mpaka jioni. Choo cha pale madukani ni kimoja, ufunguo anao mwenye nyumba, na kumwomba ufunguo ni kama kumwomba figo. "Nikinywa nitakojoa, nikikojoa nani atashona?" Mshona viatu wa mlango wa pili akambatiza Ngamia.

Mkojo ulipoanza kumchoma, alinituma duka la dawa. "Sema unataka rangi mbili." Akameza vidonge vichache, maumivu yakatulia, vilivyobaki akavitia kwenye kopo la vifungo. Yakirudi, anachota koponi. Vikiisha, natumwa tena. Duka moja wananipa nyekundu na njano, jingine nyeusi na zambarau. Kwake zote ni rangi mbili.

Safari hii hayakutulia. Alisimama katikati ya mshono akishika kiuno, meno yakigongana, na jua lilikuwa kali.

Mshona viatu akachungulia. "Ngamia, mbona umekunja uso kama zipu iliyokwama?"

Nikamshika mkono, nikamtoa dukani.

Hospitali walichukua mkojo wakauotesha maabara kuona vijidudu gani vimo na dawa gani inaviua. Siku ya majibu daktari akamuuliza alikuwa anatumia dawa gani.

"Rangi mbili."

"Rangi si jina, mama. Dawa gani?"

Mama mdogo akanitazama. Na mimi sikulijua jina.

Daktari akatuonyesha picha kwenye simu: kisahani, ndani yake vijiduara vyeupe vya dawa. "Dawa ikifanya kazi, vijidudu hufa, pembeni yake panabaki patupu. Tazama."

Utando wa vijidudu ulikuwa umefika ukingoni mwa kila kiduara, isipokuwa kimoja.

"Kama vifungo vilivyoshonwa," mama mdogo akasema taratibu.

"Vijidudu vimekuwa sugu. Imebaki hiyo moja, ya sindano, na lazima ulazwe. Maambukizi yameshafika kwenye figo."

"Nimalizie nguo ya mteja kwanza."

"Leo, mama. Yakiingia kwenye damu, hiyo moja nayo inaweza kushindwa."

Tulipitia dukani achukue shuka. Gauni la mteja lilikuwa bado chini ya sindano ya cherehani. "Usiliguse. Nikirudi namalizia upindo." Kisha akaitoa chupa nyuma ya majora, akanywa yote palepale, maji yakimchuruzika kidevuni. Nilikuwa sijawahi kumwona akinywa hivyo.

"Leo Ngamia kafika mtoni!" mshona viatu akasema, lakini sauti haikuwa ya mzaha.

"Niombee ufunguo, shemeji, nikirudi nitauhitaji." Akanigeukia. "Wewe baki, mteja atakuja."

"Nikusindikize, mama mdogo."

"Nimesema baki."

Akavuka barabara polepole, mkono kiunoni, shuka kwapani, hakugeuka. Na hakurudi; hata ile dawa moja ilishindwa. Upindo ule niliumaliza mimi.