Maganda ya Vitunguu Niliyoyashuhudia Kanisani

Mimi sikusoma. Darasa la nne kule Fizi, Kongo, basi. Lakini nilifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, na beseni moja la vitunguu, na wakati wenye diploma walipokuwa wamekaa milangoni mwao wakingoja kuitwa Ulaya, mimi nilikuwa na kibanda kambini na kingine Mchesi, kule Lilongwe. Wamalawi wakitaka anyezi, ndivyo wanavyoviita vitunguu, walinitafuta mimi.

Kati ya hao wenye diploma alikuwapo mwalimu wa shimi, yaani kemia, kutoka Bukavu. Tai shingoni hata akienda kuchota maji. Jumapili moja, saa ya ushuhuda, alisimama mbele na chupa ya vidonge. Akasema ndani mna kwersetini, kitu cha jamii ya flavonoidi, kinachotoka kwenye mimea. Kinasafisha mishipa, kinashusha tansiyo, yaani presha ya damu, kinatuliza mafua, kinachelewesha uzee. Ukimsikiliza ungedhani hata kifo kitamwomba ruhusa.

Nikamuuliza palepale: "Mwalimu, hiyo kitu banaitoa ku mti gani?"

"Iko mu mimea mingi, papa. Mu chai, mu matunda. Zaidi mu ganda ya kitunguu."

Ganda! Kanisa zima liligeuka kunitazama. Maganda hayo nilikuwa nayafagia kila jioni na kuyatupa jalalani. Nikaenda mbele bila kuitwa.

"Bandugu, huyu anabauzishia takataka yangu mu chupa! Mwenye tansiyo akuje kwangu, achukue ganda bure, achemshe, anywe, apone. Haleluya?"

"Amina!"

Mwalimu alirudi kwenye benchi lake akilegeza tai. Wiki nzima nilitembea kama gavana.

Yaya wangu, dada mkubwa aliyenilea, alikuwa amekaa upande wa wanawake. Alikuwa na tansiyo miaka mingi, na kila asubuhi alimeza kompirime, kidonge cha kliniki. Alikuja kuomba maganda, nikamjazia mfuko, tena kwa fahari. Sikumuuliza lolote. Mtu mwenye vibanda viwili haulizi.

Jumamosi moja niliitwa kutoka Mchesi: yaya ameanguka bombani, amepelekwa kliniki kwa kabaza, ameketi nyuma ya baiskeli akishikiliwa na majirani. Nilipofika, muuguzi alikuwa anamuuliza dawa ziliisha lini.

"Hazikuisha," yaya alisema. "Niliziacha. Ninakunywa ganda."

Muuguzi alieleza polepole, mkalimani akitafsiri. Kitu kilichomo kwenye maganda huenda kina faida, wataalamu bado wanakichunguza, na kula vitunguu na mboga ni vizuri. Ila hakuna anayejua kiasi gani kinaingia kwenye sufuria ya mama huyu, na hakiwezi kushika kazi ya dawa yake. Vidonge vya chupa kama ile ya mwalimu navyo haviwezi. Hapo pa chupa nilimwomba mkalimani arudie.

Nyumbani nilimpa maji. "Yaya, meza."

"Hapana. We ulishuhudia mbele ya Mungu. Neno ya kule mbele haifutwe mu jikoni."

"Nilikuwa namcheka mwalimu tu!"

"Basi ukaicheke kule kule. Mi nangoja."

Akafunga kompirime kwenye pindo la kitenge. Nilibembeleza, nikafoka. Mimi ambaye wachuuzi wa Chinsapo, kule Lilongwe, wanashusha bei nikikohoa! Macho yake yalikuwa mekundu, lakini pindo hakulifungua.

Kesho yake nilisimama kabla kwaya haijaimba.

"Bandugu, ganda ya kitunguu ni ganda. Nilisema kitu sikijui. Mwenye tansiyo asiache dawa ya kliniki. Na ile chupa ya mwalimu, hata yenyewe ni ganda, tofauti imevaa tai."

Watu walicheka. Nilikuwa nimeanza kupata nguvu, yaya akapaza sauti kutoka benchini:

"Ongea yako! Ya mwalimu ataongea mwenyewe."

Nikarudia yangu peke yake. Ilikuwa fupi sana. Yaya akafungua pindo la kitenge, akaomba maji kwa jirani yake, akameza huku ananitazama.

"Amina!" alisema mwalimu wa shimi, kwa sauti kubwa kuliko kanisa lote.