Mguu Wangu na Boti za Jumatatu ya Pasaka

Akina mama wenzangu, mimi ni Adela, wengi mnaniita Mama Deo. Nimeombwa niseme kwa sababu kuna wanaotaka kwenda ziwani sikukuu hii. Nitasema polepole. Nilisoma madarasa ya jioni, tena nikiwa tayari na watoto watatu, kwa hiyo nikikosea neno mnivumilie.

Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa miguu. Kutoka kwangu hapa Ntobeye mpaka shamba la maharage ni kushuka kilima na kupanda kingine, na nilikuwa naenda na kurudi na mzigo kichwani bila kupumzika. Mikungu ya ndizi nilibeba mwenyewe. Kanisani nilipiga magoti sakafuni, si kwenye ubao. Sikuwahi kulazwa isipokuwa kwa kujifungua. Sisemi hivi kujisifu. Nasema ili mjue nilikuwa nani.

Wifi yangu Skola, dada wa mume wangu, ameolewa Kaniha, huko Biharamulo. Mwaka juzi alinialika nikale naye Pasaka. Jumapili tulisali. Jumatatu watu wa kwaya yao wakakodi Haisi kwenda ziwani, upande wa Chato. Mimi nilitaka kubaki nipumzike. Skola akasema, "Wifi, utazeekea kwenye maharage? Twende ukaone maji yasiyo na ng'ambo."

Tulikuta watu kama mnadani. Muziki huku, muziki kule, nyama inachomwa, watu wanaoga. Na boti sasa, zile za injini nyuma, zinachukua watu, zinawazungusha, zinawarudisha. Hakuna aliyekuwa anazipanga. Kila dereva anapita anapotaka. Tena walikuwa na mchezo wao. Boti moja inaikimbilia nyingine kama inaigonga, halafu ikifika karibu inakata kona ghafla, maji yanawamwagikia wale wengine. Watu wanapiga kelele, wanacheka, wanataka tena.

Tulipanda kumi na mmoja. Majaketi ya kuelea yalikuwa sita. Mimi nilichukua la kwanza, sikuona haya. Skola akanicheka. "Wifi, vua hilo lidude, linaficha kitenge. Picha itatoka kama umebeba godoro."

Nikamwambia, "Acha nionekane godoro."

Akina mama, bila hilo godoro mngekuwa mmeshanisahau.

Tukafika mbali kidogo. Dereva wetu akageuka nyuma, anawapiga picha wasichana wa kwaya kwa simu yao, mkono mmoja kwenye injini. Mimi nimekaa ukingoni. Nikaona boti nyeupe inatujia. Dereva wake amesimama, chupa mkononi. Nikajua ni ule mchezo wao, nikajiambia watakata kona. Lakini ikaja, ikaja. Mara Skola akapiga kelele nyuma yangu: "Ruka! Ruka! Ruka wee!"

Nikaruka.

Sijui kuogelea. Nilikwenda chini, maji yakaingia puani, halafu jaketi likanivuta juu. Wakati huohuo ile boti nyeupe ikakata kona, kama walivyofanya tangu asubuhi. Mbele yake ikawakosa wenzangu. Nyuma yake ndiyo ikazunguka kunifuata mimi, na nyuma ndiko kuna lile panga la injini linalozunguka majini. Maumivu sikuyasikia. Nilisikia mguu wa kulia unapigwa tu, pa, pa, pa, kama mtu anakata mgomba. Nikaona maji yamekuwa mekundu. Nikafikiri kitenge kinachuja rangi.

Dereva wetu alijitupa majini, akanishika, wakanivuta juu. Skola akafungua kitenge chake, akabaki na sketi ya ndani mbele ya watu wote, akanifunga juu ya goti akakaza. Niliangalia mara moja. Nyama ilikuwa imefunguka sehemu tatu, na ndani kulikuwa na kitu cheupe.

"Hicho nini?"

"Usiangalie, wifi. Sali."

Nikaanza Salamu Maria. Nikaisahau katikati.

Ile boti nyeupe haikurudi.

Kituo cha afya waliniosha, wakaniwekea dripu, kesho yake nikapelekwa hospitali kubwa Mwanza. Wakapasua, wakaweka chuma kwenye mfupa. Nikadhani yameisha. Siku ya tano harufu ikaanza. Mwanzo nilifikiri ni ya mgonjwa mwingine, nikamsikitikia. Kumbe ni mimi. Bandeji ikawa inatoka usaha wa kijani. Joto likanipanda mpaka meno yanagongana. Mguu ulivimba ukang'aa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

Daktari akaja, mwanamke mdogo kuliko mimi. Akanusa, hakuficha uso. Akasema, "Mama, uchafu wa ziwa uliingia ndani. Nyama inaoza. Kesho tutasafisha. Tukikuta weusi umevuka goti, tutakata."

Mume wangu alikuwa amefika asubuhi hiyo. Akasema, "Daktari, huyu ni mkulima."

"Najua, baba. Lakini ukimzika hatalima."

Wakaleta karatasi ya kukubali. Mume wangu akaishika, akainamisha kichwa, akanipa mimi. Mwalimu wa jioni alitufundisha kuandika majina yote matatu. Nikaandika yote matatu. Kisha nikamwambia Mungu, nimechoka. Kama unautaka mguu chukua, ila uniambie kile kilima nitakipandaje. Hiyo ndiyo sala niliyokuwa nayo. Nyingine sikuwa nayo.

Nilipozinduka niliogopa kuangalia. Nesi akafunua shuka akasema, "Haya, hesabu mwenyewe." Nikahesabu vidole vya mguu. Vilikuwa vitano. Nikahesabu tena.

Weusi ulikuwa umeishia chini ya goti, kidogo tu. Lakini daktari akasema bado. "Sijakuahidi, mama. Tunaangalia siku kwa siku." Walinirudisha chumba cha upasuaji mara nne. Kila mara natia sahihi ileile, kila mara nikizinduka nahesabu. Mwishowe wakachuna ngozi paja la kushoto, wakaibandika kwenye kidonda. Paja lililochunwa liliuma kuliko hata kidonda chenyewe.

Skola hakuondoka. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, ananiosha, anamwaga choo changu. Lakini alikuwa haongei, hali vizuri. Siku moja ananichana nywele, akauliza, "Wifi, hivi kwa nini uliruka?"

"Si wewe uliniambia?"

"Mimi?"

"Wewe. Ruka, ruka, ruka wee."

Akaacha kitana kichwani. "Wifi, mimi nilikuwa namwita Ruka."

"Ndiyo, ruka."

"Ruka dereva! Yule wa boti yetu! Jina lake Ruka! Nilitaka ageuke aone!"

Mnaona? Kijana wa watu anaitwa Luka, kama Luka wa Injili. Ubaoni mwalimu alituandikia L na R mpaka chaki ikaisha, lakini ulimi wetu sisi Wahangaza wa Ngara mnaujua. Wengine wote kwenye ile boti walikaa, wakalowa, basi. Mimi peke yangu niliruka.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama Msukuma, kavunjika nyonga. Alicheka mpaka akalia kwa maumivu. "Nyie watu wa Ngara! Hiyo R yenu itamaliza watu!" Nami nikacheka, mguu unadunda. Skola hakucheka. Aliinama kwenye shuka akasema, "Basi ni mimi nimekukata."

Nikamwambia, "Wewe umenifunga. Aliyenikata alikuwa na chupa mkononi." Nikamwomba asonge ugali ale mbele yangu. Siku hiyo alikula.

Nilirudi Ntobeye na magongo mawili. Hapo ndipo uchovu wenyewe ulipoanza. Hospitali unapigania uhai. Nyumbani unapigania kwenda chooni. Mazoezi kila siku, kunja, nyoosha, kunja. Nilichoka kuambiwa pole. Msinichukie, nilichoka hata kuombewa. Zaidi ya mwaka ulipita ndipo nikaacha magongo. Goti halikunjiki kabisa, kwa hiyo magoti sipigi tena. Nalima nimekaa kwenye gunia, mguu nimeunyoosha pembeni. Kilima napanda, ila napumzika mara tatu.

Yule dereva wa boti nyeupe sikumwona tena. Nimemsamehe mara nyingi, maana kila mguu ukiuma inabidi nianze upya.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari aliyenusa bila kuficha uso, na watu nisiowajua waliotoa damu niliyoongezewa. Namshukuru Luka, aliyeingia majini kunifuata. Skola namshukuru kila siku.

Sasa nyie mnaokwenda, sitawakataza. Ziwa ni zuri. Lakini boti ikiwa na jaketi pungufu hata moja, msipande, hata kama wenzenu wanawaita washamba. Msikae ukingoni. Dereva akishika simu au chupa, mwambieni awarudishe nchi kavu, na asipotaka pigeni kelele wote. Ule mchezo wa kumwagiana maji msiushangilie, maana wanaufanya kwa sababu tunacheka. Na kelele ikipigwa, msiruke, mshike boti kwanza, muulize ni nini.

Na wewe uliye na mgonjwa nyumbani, au mgonjwa ni wewe, usione aibu kuchoka. Mimi nilichoka, na Mungu hakukasirika.

Nimesema haya yote nikiwa nimesimama kwa mguu uleule. Sasa naomba mnisogezee kiti, umeanza kuuma.