Jinsi meli yetu ya mvuke kutoka Kibirichia ilivyolipuka mbele ya mgeni wa heshima, Embu

Wakuu, hamjambo huko mliko?

Niko Mbeya, mvua imekataa kukatika, na mimi ni mtu wa kuhamahama, nikikaa ndani siku mbili ukuta unaanza kunisemesha. Kwa hivyo acha niwape hii ya zamani. Nilikuwepo, niliona kwa macho, na mwenye shaka aniulize.

Kilichonikumbusha ni kitabu cha watoto nilichokiona dukani hapa. Jalada lina meli ya chuma inayopaa angani, moshi kila mahali, na msichana amevaa miwani mikubwa kama ya kuchomelea. Ndani ni historia iliyogeuzwa, dunia ambayo mvuke ndio unaendesha kila kitu. Muuzaji akaniambia, "Hii ndiyo mpya, bosi."

Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mpya? Sisi tulikuwa na hiyo kwetu Kibirichia, Meru, miaka ya tisini, na yetu ilikuwa na mvuke wa kweli.

Nilikuwa Form Three. Darasani kwetu kulikuwa na msichana anaitwa Kanana, mwembamba, mkaidi, baridi ya kwetu haikuwahi kumnyamazisha. Aliandika mchezo wa kuigiza kwa ajili ya drama club.

Hadithi yake ilikuwa hivi. Zamani wale waliojenga reli kwenda ziwani walipotea njia, wakaja kuishia Meru. Wahunzi wetu wakaitazama ile injini siku nzima, wakatikisa kichwa, wakasema hii tunaweza kutengeneza nzuri zaidi. Wakatengeneza. Basi kufikia wakati serikali ya wakoloni inapanda mlima, inakuta viazi vya Kibirichia vinasafirishwa kwa meli za mvuke angani.

Kapteni wa meli moja ni msichana wa miaka kumi na minne. Kule chini Mbeere kuna njaa. Yeye anawapelekea viazi, na Gavana anamfukuza na maputo ya chuma kwa sababu hakulipia mvuke kodi. Mwisho meli inaharibika juu ya Embu, kapteni anaitua mwenyewe, anafungua mzigo na kuwagawia watu wote. Hata Gavana anapewa.

Wakuu, hebu fikirieni. Ile ilikuwa hadithi ya kwanza maishani mwangu ambayo sisi ndio tulikuwa na injini.

Tukashinda raundi ya Meru ya mashindano ya maigizo ya shule, pale Kinoru, na raundi iliyofuata ilikuwa Embu. Ndipo shida ikaanza, kwa sababu ukishinda kila mtu anakuwa mwandishi.

Mwalimu wa dini alitaka kapteni aombe kabla ya kupaa. Sawa, tukaweka. Mwalimu wa kilimo akataka pawe na maneno kidogo kuhusu mmomonyoko wa udongo. Tukaweka, Gavana akawa anayasema huku anakimbiza meli.

Halafu akaja hedimasta.

Hedimasta wetu alikuwa amesikia kwamba mgeni wa heshima huko Embu atakuwa ofisa mkubwa, na shule yetu ilikuwa ikiomba stima, yaani umeme, tangu nizaliwe. Akamwita Kanana mbele yetu sote.

"Huyu msichana wako anatengenezaje meli peke yake? Serikali iko wapi?"

"Serikali ndiyo inamfukuza, mwalimu."

"Eeeh! Hapo ndipo umekosea."

Akaandika mwisho mpya. Meli inaharibika, kapteni analia, kisha anaingia Injinia wa Serikali na spana kubwa. Anakaza nati moja tu, meli inapona, na wote wanaimba wimbo wa maendeleo. Kanana akiukataa, club inavunjwa na yeye anaenda nyumbani kumleta mzazi.

Huyo injinia alikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mrefu na koti la hedimasta lilinitosha.

Kanana hakugombana naye. Alitoka nje, akakaa kwenye nyasi, akaniambia, "Ukiingia na hiyo spana, nitakuwa nimeandika hadithi ya mtu mwingine."

"Sasa nifanye nini? Nisiingie?"

"Ingia. Wewe ukikataa, atamweka mwingine."

Na mistari ya injinia nilikuwa tayari nimeikariri, ilikuwa mitatu.

Kuhusu meli yenyewe: ilikuwa pipa la mafuta juu ya magurudumu ya mkokoteni, mbawa za mabati, moto chini. Mfuniko wa pipa ulifungwa kwa blada, ile mipira ya tyubu watu hufungia mizigo kwenye baiskeli. Kwenye mfuniko kulikuwa na bomba, na kwenye bomba pembe ya ng'ombe. Maji yakichemka, ukifungua bomba pembe inalia hadi mbwa wanajibu. (Watoto msijaribu nyumbani. Siku zile hakuna mtu mzima aliyeuliza kama ni salama.)

Siku ya Embu tulipanda lori la shule, sisi, meli, na akina mama wa Kibirichia waliokuja kushangilia. Kulikuwa na gunia la viazi pia, vile vikubwa vilivyochaguliwa kimoja kimoja. Gunia lingekaa jukwaani kama mzigo wa meli, kisha hedimasta amkabidhi mgeni kama zawadi.

Uwanja ulikuwa karibu na mtaa wa Majimbo. Ratiba ilisema mgeni anafika asubuhi na sisi ndio wa kwanza. Pipa linachukua muda kuchemka, kwa hivyo tukawasha moto mapema nyuma ya jukwaa.

Mnajua wenyewe. Mgeni wa heshima akifika saa iliyoandikwa, watu watauliza kama amefutwa kazi.

Hedimasta akatupanga barabarani tuimbe tukiona vumbi. Tukaona vumbi, tukaimba, kumbe ni lori la mchanga. Tukaona vumbi tena, tukaimba, kumbe ni ng'ombe. Jua lilikuwa limeshapita utosini alipotokea. Kisha maombi, na mwombaji alianza na uumbaji. Kisha kutambua waliopo, kila mtu hadi kinyozi wa chifu.

Muda huo wote pipa linatokota nyuma ya jukwaa. Na nyuma ya jukwaa wamekaa akina mama wa Kibirichia, hawajala tangu alfajiri.

Tafadhali msiwalaumu. Mama wa kwetu kuona moto mzuri unachemsha maji matupu ni kama kuona mtu amelima shamba asipande. Mama yake Kanana ndiye aliyesimama.

"Kuni zote hizi, ni za kuchemsha maji tu? Leteni waru."

Waru ndivyo viazi kwa lugha yetu. Wakafungua gunia la mgeni, wakaosha, wakatumbukiza, wakarudisha mfuniko na kuufunga blada kwa bidii ya mtu anayefunga kabichi za kwenda sokoni.

Sisi tulirudi mbio kutoka barabarani, tukasukuma meli jukwaani bila kuangalia kitu. Mimi niliona ni nzito. Nikadhani ni njaa.

Mchezo ukaenda vizuri. Gavana akafukuza, akasema ya mmomonyoko wa udongo, watu wakacheka. Ikafika pale meli inaharibika. Kanana akafungua bomba ili pembe ilie mara ya mwisho.

Kimya.

Povu na maganda yalikuwa yameziba bomba. Pipa likaanza kunguruma. Kanana akalitazama, akawatazama waigizaji wenzake, akapaza sauti, "Wanamaji! Rukeni!" Haikuwa kwenye mchezo. Waliruka.

Blada zikakatika. Mfuniko ukaenda juu, sijui ulitua wapi. Mvuke ukapanda kama wingu la mlima wetu wenyewe, na kutoka ndani ya wingu viazi vikaanza kunyesha. Mabawa yakaanguka huku, magurudumu kule. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu mpaka leo.

Kimoja kilitua kwenye mapaja ya mgeni wa heshima.

Nyuma ya pazia, hedimasta akanishika koti, akanisukuma.

"Ingia! Ingia utengeneze!"

"Nitengeneze nini, mwalimu?"

Akachungulia. Palikuwa na moto, matope na gurudumu moja likizunguka polepole. Akaniachilia koti.

Kanana akasimama katikati ya mvuke, nywele zimelowa, akasema mistari yake, ile ya kwanza kabisa aliyoiandika:

"Meli imekufa, lakini mzigo umefika. Wenye njaa, huu ni wenu. Na wewe Gavana, chukua chako."

Aliyasema akimwangalia mgeni. Hedimasta akafumba macho.

Mgeni akakigeuza kile kiazi mkononi, akapuliza. Akamenya. Akauma. Akatafuna uwanja wote ukimtazama.

"Chumvi iko?" akauliza.

Mama yake Kanana alikuwa nayo, imefungwa kwenye leso. Akampelekea mwenyewe. Baada ya hapo watu walivamia jukwaa, kila mtu na kiazi chake, hata wapinzani wetu.

Hatukushinda. Mwamuzi alisema historia haionyeshi popote kwamba Wameru walikuwa na mvuke, na alisema hayo mdomo umejaa. Stima nayo haikuja hadi nikamaliza shule. Jumatatu hedimasta alituambia gwarideni kwamba wazo la viazi lilikuwa lake.

Lakini mwisho wa hadithi ulibaki wa Kanana.

Nilichojifunza: wakubwa wakitaka kuingia kwenye hadithi yako na spana, usipoteze nguvu kubishana nao. Alika mama zako, na wahi kuwasha moto.

Karibuni mchangie. Na kama kuna mtu humu alikuwa Embu siku ile akala, naomba aniambie kama viliiva vizuri. Mimi sikuonja. Mikono yangu yote ilikuwa imeshika spana.